Dubu Aliyebakiziwa Mianzi

Kale ya kale, wajukuu zangu, mawe yakiwa bado laini na mito haijajua iendako, dubu wote waliishi pango moja. Msiniulize wapi. Mbali. Kwetu huku hawakufika.

Mama yao alikuwa na watoto wanane, na chakula kimekwisha. Akatazama mlimani: theluji inashuka. Akatazama pangoni: midomo minane. Akatazama tena mlimani: theluji inashuka.

"Leo kila mtu anaondoka," alisema. "Njooni mmoja mmoja, niwagawie nchi na chakula chake. Msisukumane!"

Wakasukumana. Hata wewe ungesukuma, usinicheke.

Mkubwa alitangulia kwa viwiko. "Mama, mimi nitakula nini?"

"Sili, wale wanyama wa baharini, kule kwenye barafu. Vaa nyeupe wasikuone."

"Mama, na mimi nitakula nini?" akauliza yule wa kahawia.

"Samaki wa mtoni. Ukishiba, lala mpaka baridi ipite."

Theluji inashuka, naye anagawa. Weusi wawili, mmoja ana alama ya mwezi kifuani, akawapa matunda ya misitu, huyu ng'ambo hii ya bahari, yule ng'ambo ile. Mwenye midomo mirefu akapata mchwa wa kufyonza. Mdogo wa umbo, ulimi mrefu, akapata asali ya nchi za joto. Mwenye duara machoni kama miwani akapelekwa milima ya mbali, akale mimea ya miba.

Wakaenda. Mama akashusha pumzi, akakung'uta mikono.

Ndipo alipomwona Panda, mtoto wake wa nane. Yuko pembeni, mnene, amelala fofofo.

Alikuwa amegawa vyote! Nasi tunaopakua tunalijua hilo: unafika chini ya sufuria, kumbe sahani moja bado. Akazunguka pango mbio. Nyuma yake palikuwa na mianzi tu.

"Mama," Panda akapiga miayo, "na mimi nitakula nini?"

"Mianzi."

"Ile ya kujengea?"

"Hiyo hiyo. Haishibishi, kwa hiyo usile kama wenzako. Kula asubuhi, kula mchana, kula jioni. Ukiacha utakufa. Umenielewa?"

"Meno yataniuma."

"Yaume. Na utafune kwa sauti, nikusikie."

Panda akajikokota hadi mianzini. Theluji ikaanguka nyuma yake, ikaziba njia. Mama hakuweza tena kumfuata.

Akakaa, akatega sikio. Kimya. Amelala tena yule, aliwaza. Akasimama, akakaa. Kimya. Laiti ningemwamsha mapema! Akasimama.

Kwa!

Kimya tena.

Kwa! Kwa! Kwa!

Akakaa chini. Sauti ilipokatika tu, akaita, "Panda!"

"Natafuna, Mama!" Kinywa kimejaa.

Basi ndiyo maana wenzake huwinda wakapumzika, yeye Panda hukaa kitako akitafuna kutwa. Anajua akinyamaza, kuna mtu atasimama.

Kwa hiyo mkiitwa kula, njooni upesi. Na ukikuta kilichobaki ni kigumu, kitafune. Aliyekupakulia bado anasikiliza.

Kisa changu kimefika mlangoni kwenu. Mkipendacho kiingizeni, msichokipenda kiacheni nje na baridi.