Kibao cha Frasila Sitini

Hapo zamani, katika mji uliokaa juu ya kilima kikali, palikuwa na Sultani aliyeamuru kila punda wa gari avae shingoni kibao cha shaba kilichoandikwa uzito anaoruhusiwa kuvuta. Punda akifa kwa mzigo usiozidi kibao, hazina humpa mwenyewe punda mwingine. Mzigo ukizidi hata kwa kikapu kimoja, dhamana imeanguka.

Basi aliishi humo mgane mmoja, Pandu, asiye na mali ila punda jike aitwaye Tunu, ambaye marehemu mkewe alimlea kwa maziwa ya kibakuli. Kibao cha Tunu kilisema frasila ishirini na tano.

Ikawa siku moja likaletwa bandarini birika la marumaru la kuogea Sultani, nalo pamoja na gari lake lina uzito wa frasila sitini. Akaitwa Pandu, kwa kuwa ndiye maskini wa kwanza kuonekana njiani.

“Kesho asubuhi punda wako alipandishe kwa safari moja,” akasema Sultani, “ama punda awe wangu.”

“Maulana, kibao chamkataza.”

Waziri Sefu akacheka. “Kibao nilikiandika mimi.” Akakivua shingoni mwa Tunu, akafuta ishirini na tano, akachonga sitini. “Haya, sasa anaweza. Na dhamana imesimama: akifa, utapewa mwingine.”

“Huyo mwingine atakuwa amelelewa na nani, bwana Waziri?”

“Litakuhusu nini? Punda ni punda.”

Pandu akasema, “Nimesikia, nimetii.”

Asubuhi Sultani akashuka bandarini na watu wake. Akamkuta Tunu kando ya ukuta, hana hata kamba, anakula majani. Mbele ya gari kimefungwa kibao peke yake, kwa kamba mbili madhubuti, na Pandu amesimama nacho, fimbo mkononi, akikibembeleza.

“Pandu, umerukwa na akili?”

“Sijui, Maulana. Jana punda huyu alikuwa wa ishirini na tano. Tangu hapo hakula zaidi ya desturi yake, wala hakuota mguu wa tano. Nguvu zilizoongezeka zote zimo kibaoni, nikaona si haki kazi ya kibao kumpa punda.”

“Mbona hakiendi?”

“Nakisihi tangu alfajiri. Labda kinaniona mgeni. Kikimsikia aliyekiandika, huenda kikatii.”

Sultani akamgeukia Waziri. “Sefu, kiambie kiende.”

“Maulana…”

“Kiambie.”

Waziri akainama, akasema kwa sauti ndogo, “Nenda.” Kibao kikaning’inia vilevile. Hapo Sultani akacheka hata kilemba kikamteleza.

Basi Tunu akarudishiwa ishirini na tano zake, wakaongezwa punda wawili walio sawa naye, na Waziri akatembea nyuma ya gari, amekumbatia gogo la kukingia gurudumu kila walipopumzika.

Walipofika juu, Sultani akauliza, “Pandu, wataka thawabu gani?”

“Birika likijazwa, Tunu anywe kwanza.”

“Kabla yangu mimi?”

“Yeye amelivuta, Maulana.”

Ikawa hivyo. Tunu akanywa taratibu, akipumzika na kunywa tena, na Sultani, amejifunga kikoi, akasimama kando akingoja zamu yake.