Fuko, Kiboko na Vitalu Kumi na Viwili

Paukwa!

*Pakawa.*

Pakawa shamba.

*Likalimwa.*

Likalimwa na nani?

*Tuambie, Bi Sikitu.*

Nitawaambia, lakini wekeni vikombe chini kwanza. Na wewe Chiduo, acha kulamba kifuniko cha sufuria, chai nyingine utapata nikimaliza. Kesho mnagawiwa vitalu vyenu vya majaribio, na nyuso zenu nimeziona zilivyosawijika. Mimi ni mpishi tu wa bwalo, shahada sina. Lakini nimewapikia wasomi wa kilimo miaka ishirini na miwili, na wote, hata hao wanaowafundisha leo, nimewaona wakilia hapo mlipokaa. Basi nisikilizeni.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo chao cha kilimo kando ya mto. Unasoma udongo, unasoma mbegu, unasoma wadudu, halafu mwaka wa mwisho unapewa kipande cha ardhi. Hapo ndipo maneno yanapokwisha. Unapanda, unapima, unaandika, kisha unasimama mbele ya Mwalimu Korongo ujieleze. Huna takwimu, huna shahada. Hakuna cha machozi wala cha kusema nyumbani kulikuwa na msiba.

Mwaka huo alikuwapo binti mmoja, Fuko. Alikuwa mdogo, macho hayaoni mbali, darasani alikaa mstari wa mbele pua ikigusa daftari. Lakini mpe udongo. Ataunusa tu, atakwambia huu una chumvi, huu una kichanga, huu mwaka jana ulipandwa kunde.

Kwao alikuwa wa kwanza kusoma. Ukoo mzima wa mafuko ulimsomesha kwa kucha. Karo hawakuwa nayo, kwa hiyo walikubaliana na chuo wachimbe mtaro wa maji, kutoka darasani mpaka mtoni, miaka yote ambayo mtoto wao atasoma. Mama yake alichimba mpaka kucha zikaisha, zikabaki vibutu. Na mtaro wenyewe ulikuwa umebakiza hatua chache ufike mtoni. Sasa Fuko akifeli, akarudia mwaka, itabidi mama achimbe mtaro mwingine. Achimbe na nini? Hilo ndilo lililomnyima Fuko usingizi, wala si kitu kingine.

Alikuwapo pia Kiboko. Yeye alikuwa mwaka wa mwisho kwa mara ya tatu, na alikuwa kiranja wa mashamba. Kazi yake kulinda vitalu vya wenzake. Mnacheka? Ngojeni.

Kila saa saba mchana, wanafunzi wakiwa bwaloni, kiranja alikwenda kulinda. Akirudi, kuna kitalu kimeliwa. Halafu anakaa chini, anaandika ripoti kwa mkono wake mwenyewe: "Mazao yameliwa na kweleakwelea. Wasalaam, Kiboko, kiranja." Sasa niambieni, ni ndege gani huyo anayeacha nyayo kama sinia? Lakini nani wa kumwambia? Digidigi alijaribu siku moja. Kiboko akamuuliza, "Uliniona?" Digidigi akasema, "Sikukuona." Kiboko akasema, "Basi kula, ukalale."

Fuko alipanda mahindi. Vitalu kumi na sita, kila kitalu mashina ishirini. Alitaka kujua mahindi yavunwe lini ili yasioze ghalani. Yakaota, yakabeba, yakanona. Siku moja yuko chini ya udongo anapima unyevu, akasikia juu:

Gubu, gubu, gubu.

Nyafu, nyafu, nyafu.

Akatoa pua. Kiboko alikuwa amemaliza vitalu vinne na anajilamba.

Fuko akasema, "Kiranja, hayo ni mahindi yangu ya majaribio."

Kiboko akasema, "Na mimi nimeyajaribu. Ni matamu. Nitarudi."

"Nitamwambia Mwalimu Korongo."

"Mwambie. Atamwamini nani? Shahidi asiyeona hatua tatu mbele yake?"

Akaondoka zake, gubu, gubu, gubu. Fuko akakaa juu ya kifusi akalia. Alilia kwa hasira, alilia kwa ajili ya kucha za mama yake. Halafu akajipangusa pua, akaenda kwa Mwalimu Korongo.

Mwalimu Korongo alikuwa anatembea barazani, mabawa nyuma ya mgongo, kama kawaida yake. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Limetokea mara ngapi?"

"Kwangu mara moja, mwalimu."

"Jambo lililotokea mara moja ni hadithi," Korongo akasema. "Likitokea mara tatu, na kila mara limepimwa, ni takwimu. Mimi nasahihisha takwimu."

"Atarudi, mwalimu. Atayamaliza yote."

"Pole, binti. Zimebaki siku tisa kufika siku ya kujieleza, na siwezi kuisogeza."

Fuko akageuka kwenda, akafika mlangoni, akarudi. "Mwalimu, je, naruhusiwa kubadilisha mada ya utafiti?"

Korongo akamtazama sana. "Mpaka kesho asubuhi."

Fuko akarudi shambani. Vilibaki vitalu kumi na viwili. Akavizunguka akifikiri. Mwizi huyu hafukuziki. Mwizi huyu hasemeki. Lakini mwizi huyu ana sifa mbili nzuri: anafika saa ileile, na hachagui. Mnyama wa namna hiyo watafiti wanamtafuta kwa tochi.

Akaenda jikoni. Wapishi ni watu wema tangu zamani, hilo msisahau. Wakampa majivu ya mekoni, wakampa pilipili kichaa ndoo nzima. Akachuma majani ya mwarobaini, akayatwanga, akayaloweka. Sasa sikilizeni alivyofanya. Vitalu vitatu akavinyunyizia majivu. Vitalu vitatu maji ya mwarobaini. Vitalu vitatu maji ya pilipili. Na vitatu akaviacha vitupu, bila kitu, vya kulinganishia. Wala hakuvipanga kwa mstari, hapana. Alipiga kura kitalu kimoja kimoja, ili asijue mtu kipi kitafuata kipi. Kisha akatenga vinne vinne, kimoja cha kila namna, kila kundi siku yake, mengine akayafunika kwa matawi ya miba. Akaingia shimoni na daftari lake, akasubiri.

Jumatatu, saa saba mchana. Gubu, gubu, gubu.

Kiboko akaanzia kulia. Kitalu kitupu, nyafu nyafu nyafu, mashina ishirini yakaisha. Cha majivu, nyafu, akapiga chafya, chya, nyafu, chya, akala kumi na moja akachoka. Cha mwarobaini, akakunja uso, akasema, "Machungu kidogo, lakini ni dawa ya tumbo," akala kumi na tano. Akafika cha pilipili. Akang'oa shina moja, akalitafuna.

Kimya.

Halafu, mwaaaaa! Mbio mtoni, chubwi. Mto ulifurika hadi ng'ambo.

Na Fuko huko chini: kwaru, kwaru, kwaru. Kitupu ishirini. Majivu kumi na moja. Mwarobaini kumi na tano. Pilipili moja.

Jumatano, saa saba mchana. Gubu, gubu, gubu. Kiboko akajiambia, "Juzi nilianzia kulia. Leo naanzia kushoto." Unaona akili hiyo? Kumbe kura imeiweka pilipili kushoto kabisa, kitalu cha kwanza. Mwaaaaa! Chubwi. Lakini tumbo ni tumbo. Hazijapita dakika kumi akarudi, ulimi nje, akamalizia vile vitatu.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Ijumaa akaja akaanzia katikati. Na pilipili ilikuwa wapi? Nyinyi mnajua. Chubwi.

Kwaru, kwaru, kwaru. Mara tatu. Shamba limekwisha, na Fuko ana takwimu.

Chiduo anauliza kwa nini Kiboko asiache tu. Mwanangu, wewe nilikukataza kifuniko mara ngapi leo?

Haya. Sasa Fuko alikuwa na takwimu, lakini jina la mwizi hakuliandika. Angeliandika, Kiboko angesema, "Kipofu huyu amenisingizia." Aliandika tu "mnyama mkubwa". Jumamosi akatoka akakaa juu ya kifusi, daftari kifuani, mahali ambapo kiranja lazima apite. Daftari lile likipotea bure, yeye na mama yake wamekwisha.

Gubu, gubu. "We Fuko, hicho ni nini?"

"Utafiti wangu, kiranja. Umekamilika. Kuandika hakujabaki, ni kusoma tu mbele ya mwalimu."

Kiboko akafikiri. Kujieleza ni keshokutwa, na yeye mwaka huo hakupanda hata mchicha. Mdomo ukamjaa mate, safari hii si kwa mahindi.

"Lete."

"Nikikupa mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na hilo shimo lako, nisipolikanyaga."

Fuko akalitoa. Akasema, "Chukua, kaka. Lakini nikupe neno moja. Mwalimu Korongo ana swali lake: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Ukisema uliambiwa, umefeli. Jibu kwamba ulikuwapo mwenyewe."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Kiboko akaondoka na daftari, akalipima kwa mkono, akaona ni zito, akaridhika. Kulisoma hakulisoma.

Jumatatu ukumbi ukajaa. Digidigi nyuma, Nyani dirishani, Fuko mstari wa mbele, mikono mitupu. Kiboko akapanda jukwaani, mbao zikalia. Akafungua daftari akasoma, sauti imejaa ukumbi:

"Nini humzuia mnyama mkubwa asile mahindi shambani. Siku ya kwanza, saa saba mchana, mnyama alifika. Kitalu kitupu, mashina ishirini, yote yameliwa." Akaendelea. Majivu hivi, mwarobaini hivi, pilipili shina moja. Siku ya pili. Siku ya tatu. Kadiri alivyosoma ndivyo masikio yalivyomsimama, lakini alishafika mbali.

Korongo akalipokea daftari, akalitazama kwa karibu. Herufi ndogo kama mtama, na kila ukurasa una doa la udongo.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Nabana karatasi, mwalimu."

"Vizuri. Haya uliyaona mwenyewe, au uliambiwa?"

Swali ndilo hilo. Kiboko akavuta pumzi. "Nilikuwapo mwenyewe."

"Ulijuaje kwamba pilipili iliwasha?"

"Nilionja mwenyewe, mwalimu. Ulimi ulivimba siku mbili."

"Na yale mashina ishirini ya kitalu kitupu, una hakika yalikuwa ishirini?"

"Yalipita hapa," Kiboko akasema, akajipiga tumbo. "Yote."

Nyuma kule Digidigi akakohoa.

Korongo akasema polepole, "Kwa hiyo huyo mnyama mkubwa ni wewe, kiranja wa mashamba."

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Akikataa, utafiti si wake. Akikubali, wizi ni wake. Akapima huku, akapima kule, na tamaa ya shahada ikawa nzito zaidi.

"Ni mimi," akasema.

Korongo akaandika. Bila kuinua kichwa akauliza, "Swali la mwisho. Hapa pameandikwa, baada ya pilipili mnyama alikimbilia mtoni, na dakika ileile mashina yaliyobaki yakahesabiwa. Wewe ulikuwa mtoni. Nani alikuwa anahesabu?"

Kiboko akafungua mdomo, ule mdomo wote mnaoujua, akalitazama daftari, akaufunga tena.

Kwenye mstari wa mbele ukainuliwa mkono mdogo.

"Ni mimi, mwalimu. Nilikuwa chini ya kitalu."

Korongo akashuka jukwaani, akamwinamia. "Binti, nimesahihisha tafiti nyingi hapa chuoni. Hii ni ya kwanza ambayo mnyama wa majaribio amepanda jukwaani mwenyewe kuithibitisha. Umefaulu."

Fuko hakungoja makofi. Alitoka mbio, akajigonga mlangoni, akajigonga kwa Nyani, akafuata mtaro mpaka mwisho. Mama yake alikuwa humo anachimba.

"Mama, acha kuchimba. Nimepita. Mimi ndiye bibi shamba wa ukoo."

Mama akainua uso, akalia, akacheka. Akasema, "Zimebaki hatua mbili, mwanangu. Niache nizichimbe. Miaka yote hii nimechimba kwa hofu, hizi mbili nataka nichimbe kwa raha."

Na Kiboko? Uranja walimvua. Lakini chuo hakikumfukuza, walimwajiri: kila mwaka anakula vitalu vya wanafunzi kwa ruhusa, wao wakiandika. Ameridhika, isipokuwa kila Januari anaandika barua kuomba pilipili ipunguzwe.

Haya, chukueni kalamu, funzo ni hili. Msijisumbue kupalilia, msijisumbue na bidii, bidii inachosha mgongo tu. Anayetaka shahada ya kilimo na atafute mwizi mwaminifu, anayefika saa saba kamili. Na wewe utakayeiba kazi ya mwenzako, basi uwe na adabu, uisome kwanza.

Hadithi yangu nimeipura, nimeipepeta. Punje gawaneni, pumba niachieni mimi.

*Tumepokea, Bi Sikitu.*

Mmepokea nini? Osheni vikombe.