Sanamu ya Mngwali

Haya, sogeeni, mikono magotini, masikio kwangu! Mnaiona ile sanamu katikati ya uwanja wa mji, inayoukodolea macho mlango wa nakshi? Ilikuwa mtu, Fundi Mngwali.

Mlango aliuchonga Zume, fundi mwenzake, na kila mpita njia alisema, "Mashallah!" Milango ya Mngwali watu waliisukuma tu wakaingia. Roho ikamuuma, akakiendea kisima cha uwanjani, kwa jini aliyekaa humo.

Jini akamwambia, "Utazame ule mlango asubuhi tatu bila kusema mashallah, nao utapasuka. Ukisema, wewe utakuwa jiwe."

Siku ya kwanza akautazama, akafumba mdomo. Mlango ukaalika, ta! Siku ya pili akautazama, akauma ulimi. Mlango ukaalika, ta! Siku ya tatu jua likaipiga nakshi, kila ua likawa kama linachanua sasa hivi. Na Mngwali alikuwa fundi, jamani. Likamtoka: "Mashallah!"

Akawa jiwe palepale, mdomo wazi.

Hadi leo wageni huizunguka ile sanamu. "Mashallah! Kaichonga nani?"

Wenyeji hujibu, "Nani mwingine? Zume."

Ngano yangu imeishia hapo. Mngwali bado anasikiliza.