Jicho la Machumu na Jicho la Bwire

Hapo zamani za kale, ziwa likiwa bado halijaonja nyavu, waliishi sangara wawili, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa alikuwa mpana kama mlango wa ghala. Mdogo alikuwa kama mlango pamoja na fremu yake.

Mkubwa, Machumu, alikuwa na macho mekundu. Mdogo, Bwire, alikuwa na macho ya njano. Basi! Tofauti yao ndiyo hiyo. Magamba yaleyale, mapezi yaleyale, ujinga uleule.

Baba yao akafa, akaacha ghuba yenye mafunjo. Nani arithi?

"Mimi!" akanguruma Machumu. "Baba alikuwa na jicho jekundu!"

"Mwongo! La njano, kama kiini cha yai!"

"Jekundu!"

"Njano!"

Asubuhi jekundu, mchana njano, jioni jekundu tena. Wiki tatu, wanangu! Wiki tatu! Kaa akaziba masikio, na kaa mwenyewe hana masikio.

Ndani ya mafunjo hayo aliishi Bi Nyamizi, dagaa mwembamba kama njiti ya kiberiti, na watoto wake mia tatu ambao hata kuogelea walikuwa hawajajua vizuri. Kelele alizivumilia. Ila siku moja akasikia hivi:

"Nikitawazwa," akasema Machumu, "karamu ni wale watoto wa dagaa. Wote! Kwa limau!"

"Nikitawazwa mimi," akasema Bwire, "nawala haohao. Kwa pilipili!"

Bi Nyamizi akashika kichwa. "Ala! Wiki tatu hawajakubaliana rangi ya jicho, leo wamekubaliana juu ya wanangu!"

Kuhama hawezi, watoto wangepotea njiani. Akafanya nini? Chubwi! Akajitokeza mbele ya midomo yao.

"Shikamooni, waheshimiwa."

"Marahaba. Nani huyo anaongea?"

"Mimi hapa, chini ya kidevu. Hivi nyie mtatawazwaje bila kuwekwa ndani?"

"Kuwekwa ndani?"

"Loo! Hata mwali haolewi hivihivi. Hukaa ndani siku saba, kungwi akamfunda, ndipo akatolewa mbele ya watu. Nyie mnataka kurithi ghuba nzima kama waliookotwa njiani?"

Wale wakubwa wakatazamana kwa aibu.

"Kungwi tutampata wapi?" akanong'ona Bwire.

"Mnaye mbele yenu. Lakini kwanza kila mmoja aape kwa jicho lake, watu wasikie."

Machumu akacheka, maji yakatikisika. "Siku ya kutolewa, nikiwa sina jicho jekundu, nihame ghuba hii nisirudi!"

"Na mimi nikiwa sina la njano, nihame nisirudi!" akadakia Bwire. "Kiapo gani hiki? Kupiga chafya ni kazi zaidi!"

Bi Nyamizi akamtia Machumu topeni, chini ya mafunjo, kwenye giza totoro. Bwire akamlaza juu ya mawe meupe, maji maangavu, jua likiwaka.

"Kungwi, nina njaa," akalalama Machumu siku ya tatu.

"Mwali halalamiki."

"Tope limeniingia puani!"

"Mwali hana pua. Tulia!"

Kule kwenye mawe nako: "Kungwi, jua linanichoma mgongo!"

"Geuza tumbo!"

Jamani, alichoka yule mama! Kufunda waali wawili wenye uzito wa ng'ombe si mchezo.

Siku ya saba ikafika. Vigelegele! Samaki wote wakajipanga. Machumu akatoka huku, Bwire akatoka kule. Vigelegele vikakatika. Ziii!

"Mbona mmenyamaza?" akafoka Machumu.

Bwire akamtazama kakake, akaangua kicheko. "Kaka, umepauka! Macho ya njano kama ndizi!"

"Mimi? Ya kwako ndiyo mekundu kama pilipili!"

"Wivu huo!"

"Wivu wako wewe! Wiki tatu unanidanganya, leo nikuamini?"

Kila mmoja aliyaona ya mwenzake. Ya kwake nani angeyaona? Wakamwita Kambare, mzee asiye na upande.

"Machumu, njano. Bwire, mekundu," akasema Kambare. "Na viapo vyenu tulivisikia wote. Njia ile pale."

Wakatoka. Pwaa! Pwaa! Mpaka kwenye kina kirefu. Na huko huko wakasikika: "Lako la njano!" "Lako jekundu!" Yaani kelele zilezile, zimegeuzwa tu!

Watoto wa dagaa wakamzunguka mama yao. "Mama, uliwapaka rangi?"

"Rangi niitoe wapi? Jicho la samaki hufuata maji anayokaa. Topeni hupauka, juani huiva. Machumu alizoea juani, Bwire kivulini; mimi niliwabadilishia tu mahali. Bibi yenu alikuwa nalo jekundu mpaka tulipohamia huku kwenye mafunjo. Ghuba nzima inajua, isipokuwa wale wawili. Wangenyamaza siku moja tu wakatazama, leo mngekuwa kwenye limau!"

Hadithi yangu imezama hapo, na funzo lake limeelea: usiape kwa jicho usiloweza kuliona mwenyewe.