Upande wa Chini wa Jiwe

Akina mama, sogeeni mbele. Ninyi mnaonong'onezana kule nyuma nawaona, na mnachosema nakijua. Leo nina habari ya mjane mmoja. Jina lake silitaji, wala msinifuate nje kuniuliza, maana nimeahidi kutomsengenya mtu mpaka ibada iishe.

Mjane huyu alikuwa mla kaa. Kaa wa mtoni, wale wadogo wa rangi ya tope. Wenzake walimcheka, wakasema mtu mzima anakula wadudu, lakini wajukuu zake watatu walikuwa na mashavu. Kazi yake ilikuwa kugeuza mawe. Asubuhi anaingia kijitoni na kikapu, anainua jiwe, anachungulia chini yake, kisha analirudisha vilevile lilivyokuwa limelala. Chini ya jiwe ndiko kuna mji. Kuna vidudu vyenye mikia mitatu, kuna vifunza vilivyojijengea vijumba vya mchanga, na kaa naye kakaa mlangoni anakula majirani.

Sasa, katika kijito hicho, chini ya maporomoko, ndipo wanawake walipofulia na ndipo watu walipobatiziwa. Mawe yake yalikuwa na utelezi wa kijani. Siku moja mzee wa kanisa, mtu mwenye bwawa lake la samaki, aliteleza mbele ya wabatizwa wote akakaa majini na suti yake. Mnacheka? Na wao walicheka, na hicho ndicho kilichomuuma. Wiki ileile akaja na ndoo ya konokono wageni kutoka bwawani kwake, weusi, wamechongoka kama kalamu, akawamwaga mtoni. Akasema watalamba utelezi wote.

Na kweli walilamba. Konokono wale, jike hana haja ya dume. Anajizalia mwenyewe, hakuna mahari wala wakwe. Msinitazame hivyo, ndivyo walivyo. Masika mawili hayajapita, mawe yaling'aa kama sahani. Akina mama wakafua bila kuanguka, mzee akapigiwa makofi kanisani, watu wakasema mto wetu umeokoka.

Mjane peke yake hakupiga makofi. Kwa nini? Wenzake waliyajua mawe kwa juu, pale wanapopigia nguo. Yeye aliyajua kwa chini. Aligeuza jiwe la kwanza akakuta konokono. La pili, konokono. La kumi, konokono watupu. Ule utelezi tuliouona uchafu ndio uliokuwa ugali wa vile vidudu. Ulipolambwa wote vikafa njaa, na kaa alipokosa cha kula naye akatoweka. Wajukuu wakala ugali kwa chumvi mwezi mzima, na yale mashavu yakaanza kwenda.

Akawaeleza wazee. Wakamwambia ana wivu na mambo ya wanaume. Wakamtaka asimame Jumapili amwombe radhi mzee mbele ya watu, kwa kuichafua kazi njema. Akasimama. Wambea wakajiweka sawa kwenye mabenchi.

"Radhi nitaomba," akasema. "Ila nitawaomba kaa."

Akajitupia kanga begani akatoka.

Mnadhani alikwenda kulia? Alipanda mpaka juu ya maporomoko, mahali ambapo konokono hawakuweza kukwea, akageuza jiwe. Mji ulikuwepo, mzima, na kaa mlangoni. Siku ile wajukuu walikula mboga. Lakini haikupita wiki, zikamfikia habari kwamba mzee anataka kuusafisha mto wote mpaka kwenye chemchemi. Mjane akawahi. Njia ya kule ni nyembamba, huku mwamba, huku korongo. Akakaa katikati yake. Mzee akatokea anahema, ndoo mkononi.

"Bibi, nipishe. Hawa ni konokono tu."

"Kama ni konokono tu, wamwage hapo juani."

"Hawa ni wa kusafisha mto."

"Wa chini umeshausafisha, mzee wetu. Nionyeshe basi kitu kimoja kinachoishi chini ya mawe yale ambacho hukukileta wewe."

Ndoo ikamlemea mzee. Akageuka akashuka nayo.

Msimpambe, hakutubu. Alifika chini akatangaza kwamba yule bibi ana pepo. Na konokono wa chini hawakuisha, wapo mpaka leo. Lakini mjane alirudi pale njiani kesho yake, na keshokutwa. Kila apandaye alimwaga maji ya ndoo yake kwanza na kupangusa viatu, kitoto cha konokono kisipande naye, na mchungaji mwenyewe alivuliwa mabuti yakakung'utwa.

Sasa tuje kwetu. Nani kati yetu hapendi jiwe lisilo na utelezi? Tumefurahi kwamba kikundi chetu kimetulia. Yule binti wa maswali mengi haji tena. Yule mlevi aliyekuwa akilia kwenye benchi la nyuma haji tena. Yule mama aliyeimba kwa sauti ya mbuzi ameona aibu, anasalia nyumbani. Nasi tunasema, usharika wetu umetakata. Kuna aliyeinama akatazama chini? Nani alikuwa akila pale tulipopasugua? Nani ameondoka na njaa, nasi tukampigia makofi aliyemfukuza?

Wakitutaka tuombe radhi kwa sababu tumegeuza jiwe, tusiombe. Bado pana mahali palipo hai kati yetu, hata kama ni padogo kama kiganja. Tukakae kwenye njia ya kuendea huko. Na akija mtu na ndoo yake, hata awe mtu wa kuamkiwa shikamoo, tumwamkie vizuri, kwa heshima zote, na tusimpishe.