Moto Uliochelewa Kufika kwa Lugwisha

Enzi hizo asali ilikuwa haijapata jina. Nyuki walionekana mauani tu, mmoja hapa na mwingine pale, na hakuna aliyejua wanakolala. Watu waliwaita inzi wa maua, wakawapungia mkono wapite. Mizinga juu ya miti haikuwapo, wala hakuwapo mtu wa kuitwa mrina asali, na kitu kitamu kuliko vyote alichokijua binadamu kilikuwa kiazi kilichoiva vizuri. Msicheke. Nanyi mngeishi wakati huo mngekisifia hichohicho.

Katika kijiji kimoja cha misitu ya miyombo aliishi mwanamke aliyeitwa Nyamizi, pamoja na mama yake, Kalunde, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Hawakuwa na mtu mwingine. Nyamizi alikuwa mdadisi tangu utotoni: akiona chungu kimefunikwa, sharti afunue; akisikia watu wananong'ona, sharti asogee. Wenzake walimchoka kwa maswali, lakini mama yake alimjibu yote, na aliposhindwa alitunga jibu.

Pembeni mwa kijiji kile palikuwa na mahame. Hapo zamani kidogo alikuja mgeni kutoka mbali, Lugwisha, na mkewe na wanawe, akajenga kaya nzuri yenye ua na kihenge kikubwa cha nafaka ndani ya nyumba. Na watu wa kijiji kile walikuwa na desturi: mgeni akijenga, jirani humpelekea kaa la moto kutoka jikoni kwake, ndipo naye ahesabiwe kuwa ni mwenyeji. Sasa, Lugwisha alihamia wakati wa mavuno. Kila mtu alikuwa shambani, na kila mtu alidhani jirani yake amekwisha kupeleka moto. Hakuna aliyepeleka. Watu wale walikaa, wakangoja, na asubuhi moja kaya ilikutwa tupu. Walikokwenda hakuna aliyejua.

Kisha nyumba ikaanza kuvuma. Ilikuwa sauti nzito isiyokatika, na aliyepita karibu nywele zilimsimama. Wengine walisema ni mke wa Lugwisha anasaga nafaka isiyokwisha. Wengine walisema ni Lugwisha mwenyewe anawalalamikia. Mlevi mmoja alishikilia kwamba ni mizimu inakoroma, akaapa kwa kila aliyemsikiliza. Nyamizi aliwasikiliza wote, na kila jibu lilimzidishia hamu. Mara mbili tatu alikwenda hadi uani, akasikia nyumba inavuma, akageuka mbio.

Mambo yalichacha pale mbuzi dume wa Mzee Mihambo, mkuu wa kijiji, alipoingia ua ule kula majani ya maboga. Alitoka anapiga kelele, uso umevimba hadi macho hayaonekani, akafa kabla ya jua kutua. Mzee Mihambo hakutaka kusikia zaidi. Aliwakusanya watu akawaambia kuwa ardhi imewakataa, wafunge mizigo, watahamia ng'ambo ya msitu.

"Baba, na mama yangu je?" Nyamizi aliuliza.

"Mwanangu, mabega tuliyonayo ni ya mbegu na ya watoto. Mama yako tutamwachia chakula na maji."

"Tutamwachia hadi lini?"

Mzee Mihambo alitazama kando. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ilikuwa imekwisha kumwamulia. Nyamizi alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Alimkuta mama yake anachambua maharage ya mbegu, ya watu wengine kwenda kuyapanda, wala mama hakuuliza mkutano umeamua nini. Alikwisha kujua. Hilo ndilo lililomuuma Nyamizi kuliko yote.

Alikaa pale akiwaza. Akajiuliza swali ambalo kijiji kizima hakikujiuliza: kama wale watu wa Lugwisha wana kinyongo, kinyongo chao ni cha nini? Akakumbuka wakati wa mavuno. Akamwuliza mama yake ni nani aliyempelekea Lugwisha moto. Kalunde alifikiri, akataja jina moja, akalifuta; akataja la pili, akalifuta. Mwisho mikono yake ikaacha kuchambua.

"Ee mwanangu," alisema. "Basi tumewaacha na baridi mpaka leo."

Kesho yake asubuhi, wenzake wakifunga mizigo, Nyamizi alichukua kigae cha chungu, akatia makaa ya jikoni kwao, akayafunika kwa samadi kavu yasizimike njiani. Samadi ikaanza kufuka. Akapiga moyo konde, akashika njia ya mahame huku moshi ukimwingia machoni.

Uani maboga yalikuwa yametambaa kila mahali. Mlango ulikuwa umeanguka. "Hodi!" aliita. "Hodi wenyewe!" Uvumi ukapanda mpaka akauhisi kifuani. Kitu kikamchoma kwenye paji la uso, kingine shingoni. Miguu ilitaka kukimbia, na haki ya Mungu angekimbia, lakini alimkumbuka mama yake akichambua yale maharage. Akaingia. Akapiga magoti penye mafiga ambayo hayakuwahi kuona moto, akaweka kigae chini, akapuliza.

"Tumechelewa," alisema. "Kila mmoja alimtegemea mwenzake. Tusameheni. Moto wenu huu hapa."

Moshi ukajaa nyumba. Na uvumi ukashuka, ukashuka, ukawa kama wa watu wanaozungumza mambo yao taratibu. Nyamizi alishusha pumzi. Ni wazi walikuwa wamepokea.

Angekuwa mtu mwingine angeondoka hapo hapo na kumshukuru Mungu. Lakini nimekwisha kuwaambia Nyamizi alikuwa wa namna gani. Alikwenda kwenye kihenge, akachungulia. Ndani, tangu juu hadi chini, wale inzi wa maua walikuwa wamejipanga maelfu kwa maelfu juu ya masega ya rangi ya dhahabu, na masega yalikuwa yanatiririka. Kama ni Lugwisha na watu wake waliogeuka nyuki, au ni wageni wengine waliokuta nyumba haina mtu, hakujua, na hata leo hakuna ajuaye. Alichovya kidole, akakilamba, akakaa chini. Kisha aliomba ruhusa, akakata kipande kimoja tu, maana mgeni hakombi chungu cha mwenyeji wake.

Aliwakuta watu wamekwisha kujitwisha mizigo. Walipomwona uso umevimba walirudi nyuma. Alimnyooshea Mzee Mihambo lile sega, naye akakunja mikono kifuani. Hakuna aliyethubutu kugusa kitu kilichotoka mahame.

"Nipe mimi," Kalunde aliita kutoka kizingitini kwake. "Mimi nimekwisha kuachwa. Nitaogopa nini?"

Watu waliinamisha macho. Nyamizi alimmegea, akamtia mdomoni. Bibi alitafuna, akafumba macho, na kijiji kizima kikasimama kumtazama koo. Akameza. Akalamba kiganja cha mwanawe, akalamba na kidole gumba, kisha akauliza kama kimebaki kingine.

Mzee Mihambo aliteremsha mzigo wake. Akaenda mpaka kizingitini, akachuchumaa mbele ya Kalunde, akampa mgongo. "Panda, mama," alisema. "Twende ukawasalimie." Akambeba mwenyewe hadi kwa Lugwisha, na wengine wakafuata nyuma na vigae vyao vya moto, kila nyumba na chake.

Na tangu siku hiyo, mrina asali haendi kwa nyuki bila moshi. Huwasemesha kwa upole, na hamalizi masega yote. Tena asali ya kwanza haonji yeye. Huipeleka kwa yule ambaye miguu imemkatalia, akamtia mdomoni kwa mkono wake, na watu wote wa nyumba hiyo hukaa wakingoja mpaka ameze.