Maneno Mia Mbili na Kumi na Mawili

Wapendwa, nisameheni mapema: mfano huu nitauharibu. Unamtaka mtu anayeijua kompyuta, na mimi simu yangu ikigoma naizaba kofi. Basi shikeni viti.

Kulikuwa na fundi mmoja wa programu, hodari, mwenye haraka. Akaitwa kwa mama mgonjwa ambaye hakuwa ameongea na kifungua mimba wake miaka tisa. Sauti ya mama inakwisha, mtoto bado yuko safarini. Fundi akaweka kompyuta kando ya kitanda. Ndani yake programu ilikuwa na vibarua wawili wanaofanya kazi pamoja: mmoja anasikiliza, mwenzake anapokea maneno na kuyatia kwenye faili. Kioo cha kompyuta kinaonyesha *Nasikiliza* na idadi ya maneno, basi.

Mama akasema yake yote.

"Yameingia, baba?"

"Yameingia, mama."

"Na hilo faili, hulifungi?"

"Linajifunga lenyewe programu ikiisha. Wewe pumzika."

Mama akapumzika. Moja kwa moja. Namba ikabaki 212, chumba kikatiwa kufuli.

Kesho yake, saa sita mchana, jua kali, kifungua mimba akaingia na fundi. Godoro limekunjwa. Fundi akalifungua faili, kimya. Tupu! Hata herufi moja.

"Fundi, alinisamehe au hakunisamehe?"

Fundi akatupa jicho kwenye kioo. *Nasikiliza. 216.*

Hesabuni wenyewe: mtoto kasema maneno mangapi? Manne. Mkalimani wa programu, yule anayesoma maagizo mstari kwa mstari, alikuwa bado kazini, maana msikilizaji hakuambiwa aache. Na mwenzake, yule mwandishi, alikuwa amesimama humo tangu jana, maneno ya mama mkononi, akingoja aambiwe, "Tia, kisha funga." Agizo moja tu!

Fundi akaweka kidole mdomoni. Wote wawili wakanyamaza. Nje hakuna hata kuku.

217.

Wakatazamana.

218. 219.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Fundi alijua agizo. Lakini nywele zilimsimama, na mkono wake ukaenda kwenye waya. Akauchomoa.

Kioo kikawa cheusi.

"Umefanya nini, fundi?"

"Nimeogopa, kaka."

Walipoiwasha tena, faili lilikuwa tupu vilevile, na vibarua hawapo. Yule mtoto hadi leo hajui.

Wapendwa, sisi je? Tunasema "nimekusamehe," mdomoni idadi inapanda, moyoni hakijaingia kitu. Tunangoja lijifunge lenyewe. Nani alituahidi? Waya wako unajua utachomolewa lini?

Na msimtazame jirani. Mwalimu wa kwaya nimemsamehe mara tatu hapa mbele, kwa kipaza sauti, mkanipigia makofi. Jumatano nikamwona sokoni anakuja. Mchungaji wenu nikajitosa kwenye mitumba, nikajifanya napima gauni.